Jeneza la mwajiri si fidia

Kaunti ya Kitui nchini Kenya ina makaa ya mawe lakini haina mchimba makaa. Mnamo Desemba 2013 serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Fenxi ya Uchina ili ichimbe vitalu C na D vya Bonde la Mui, na mpaka leo uchimbaji wa kibiashara haujaanza. Hata hivyo vijana wa Kitui na wa kaunti jirani ya Makueni wanafia kazini. Wanafunikwa na mchanga ukingo wa mto unapoporomoka, wanaangukiwa na mawe kwenye timbo, wanafukiwa katika mitaro na visima vya kuchimbwa kwa mkono. Sheria inayowahusu wajane wao ndiyo itakayowahusu wajane wa Mui ikiwa makaa yale yatakuja kuchimbwa.

Mwajiri akishapata habari huja matangani na jeneza, gunia la mchele na bahasha. Watu wanamshukuru, mzee wa ukoo anamwombea dua. Halafu mazishi yanapita na simu yake haishikwi tena. Mama uliyefiwa, shukuru kwa jeneza, lakini ujue kwamba gharama za maziko ni deni lake kisheria, kwa kiwango kilichowekwa, na kwamba hilo ni deni dogo. Deni kubwa bado liko.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inawapa wategemezi wa mfanyakazi aliyekufa kazini kiasi sawa na mapato yake ya miezi 96. Ikiwa marehemu alikuwa akipata wastani wa shilingi 15,000 kwa mwezi, hizo ni shilingi 1,440,000. Linganisha na ile bahasha. Mwajiri anatakiwa awe na bima ya kulipia ajali za namna hii, na kama hakukata bima, hilo halimwondolei deni.

Kuna maneno ambayo familia huambiwa, na mengi hayana msingi. La kwanza ni kwamba marehemu alikuwa kibarua tu, hakuwa na barua ya kazi. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akishindwa kutoa maandishi ya masharti ya kazi mbele ya mahakama, ni juu yake kukanusha yale ambayo upande wa mfanyakazi unadai. Kwa hiyo ifungue simu ya marehemu kabla laini haijazimwa na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa wa malipo yake. Andika majina ya waliokuwa naye shimoni siku ile, namba ya lori, na jina la nyapara aliyekuwa akishika daftari la mahudhurio. Wenzake watahamia machimbo mengine baada ya wiki chache, na kuwapata baadaye ni kazi ngumu.

La pili ni kwamba alijitakia: alikatazwa kuchimba chini ya ukingo akakaidi. Neno hili linaumiza kuliko yote kwa sababu linamfanya maiti mshtakiwa. Sheria imelijibu. Utovu wa nidhamu wa makusudi unaweza kumnyima fidia mtu aliyeumia kidogo, lakini haumnyimi aliyepata ulemavu mkubwa, wala hauzuii fidia pale ajali ilipoleta kifo. Na wakisema alifia njiani, si kazini, aliyepata ajali akiwa ndani ya gari ambalo mwajiri ametoa la kuwapeleka au kuwarudisha wafanyakazi, huhesabiwa kuwa alikuwa kazini.

La tatu hutoka ndani ya ukoo wenyewe, nalo ni kwamba mjane hakuolewa rasmi kwa kuwa mahari haikumalizwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila, na pale ambapo mahari ndiyo ushahidi wa ndoa hiyo, malipo ya kuonyesha nia yanatosha. Kama mbuzi wa ntheo, yaani wa ndoa ya kimila ya Kikamba, walipelekwa kwenu, watafute wazee walioshuhudia.

Sasa habari ya saa na siku. Kifo kazini lazima mwajiri akiarifu kwa afisa wa usalama na afya kazini ndani ya saa 24, na kuandika ndani ya siku saba. Usimwachie yeye peke yake. Pigeni ripoti polisi, mchukue namba ya OB (kitabu cha matukio), na msikubali kuzika kabla daktari hajaupima mwili na kuandika sababu ya kifo, maana kufukua kaburi kunahitaji kibali rasmi. Madai ya fidia yafikishwe kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia ofisi yake iliyo karibu, kabla miezi 12 haijapita tangu kifo. Baada ya hapo haki inaweza kupotea. Madai yakishawasilishwa, mwajiri au bima yake ana siku 90 za kulipa. Usitie sahihi karatasi yoyote ya "tumemalizana" kabla Mkurugenzi hajakokotoa fidia.

Mjane akimwendea wakili afungue kesi ya uzembe moja kwa moja dhidi ya mwajiri, huenda akapoteza wakati. Maana Mahakama ya Juu iliamua mnamo Desemba 2019 kwamba njia hii ya Mkurugenzi ni halali. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake, kisha rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Hali ni ngumu zaidi kwa aliyekuwa akichimba mchanga mwenyewe na kumuuzia broka, kwa kuwa hakuwa na mwajiri. Kwake hakuna miezi 96. Ila kama mwenye shamba au mwenye machimbo alizembea, wategemezi wanaweza kushtaki ndani ya miaka mitatu kwa Sheria ya Ajali za Vifo. Makueni ina sheria yake ya mchanga ya mwaka 2015 na mamlaka ya kuisimamia, hivyo anzeni kwa kuuliza pale kama eneo lile lilikuwa na kibali, na ni cha nani.

Asiye na uwezo wa wakili aende Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Abebe cheti cha kifo, kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya chifu.