Safari ya Maji: Kutoka Usangu hadi Mikoko ya Rufiji

Ndugu wakulima wa Mbeya na Iringa,

Mchele wa Usangu uuzwao sokoni Soweto, mjini Mbeya, ni tunda la maji. Maji hayo yana safari ndefu, na yafaa mkulima aijue.

Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hushuka kutoka milimani na kuingia Usangu, kisha maji hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Ng'iriama, penye mwamba mfano wa kizingiti. Maji yakishuka chini ya kizingiti hicho, mto hukatika. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Viboko husongamana katika vidimbwi vya matope, na samaki hufa.

Huko mbele Ruaha Mkuu huingia Rufiji, na Rufiji huingia baharini. Pale maji matamu huchanganyika na ya chumvi. Mikoko husitawi, na kamba wachanga hukulia kati ya mizizi yake. Baada ya mafuriko ya 1978 maji mengi ya Rufiji yaligeukia matawi ya kaskazini. Chumvi ikapungua huko, watu wakakata mikoko wakapanda mpunga. Basi maji yakihama, miti, samaki na kazi za watu hubadilika pia.

Labda mtu atauliza, "Kiboko na mkoko vyanihusu nini?" Maji hayo hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tena jirani yako wa chini huyanywa. Ni kweli, Kilombero huipa Rufiji maji mengi kuliko Ruaha Mkuu. Lakini mfereji mmoja ulioachwa wazi, na wa pili, na wa mia, hukausha mto.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Ukiisha kuvuna mpunga, funga mfereji wako, maji yarudi mtoni. Shamba tupu halina haja ya maji.

2. Usilime kando ya mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 yalinda mita 60 kutoka ukingoni.

3. Mlimani, piga matuta ya kukinga mteremko, udongo usichukuliwe.

4. Gawaneni maji kwa zamu, na wa juu amkumbuke wa chini.