Kuiongezea Kompaila Lugha Nyingine

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mwajifunza kuandika programu, lakini ni wachache wajiulizao kompaila yenyewe ilijengwa na nini. Kompaila ni programu igeuzayo maandishi yetu yawe amri za mashine.

Tutazame GCC, aliyoianzisha Richard Stallman na kutolewa mwaka 1987. Mwanzo ilijua C tu. Leo yajua pia Fortran, Ada, D na nyinginezo. Siri yake ni kugawa kazi. Sehemu ya mbele husoma lugha moja na kuigeuza iwe namna ya katikati. Sehemu ya nyuma hutoa amri za mashine. Kwa hiyo kila lugha ina msomaji wake: wa C huitwa cc1, wa Fortran f951, wa Ada gnat1. Programu iitwayo gcc ni kama nyapara: haisomi yenyewe, bali humwita msomaji afaaye.

Katika kompyuta nyingi kuongeza Fortran ni rahisi: f951 huwekwa katika folda ileile alimo cc1, na nyapara humwona. Lakini wako watunza vifurushi wa namna nyingine, kama Nix, ulioanza mwaka 2003, na Guix, ulioanza mwaka 2012. Hawa hufuata kanuni ya hesabu: 3 na 4 ni 7, leo na kesho. Kila kifurushi hukaa ghalani katika folda yake, na jina la folda hubeba alama iliyohesabiwa kutokana na vitu vyote vilivyotumika kukijenga. Kikisha kuwekwa, hakiguswi tena.

Basi tufanyeje? Hatuwezi kumtia f951 katika folda iliyokwisha fungwa. Wala haifai kutia lugha zote katika gcc ya msingi. Maana karibu kila kifurushi hutegemea hiyo, na ukiibadili, maelfu ya vifurushi yatajengwa upya. Njia njema ni kuandika kifurushi cha pili: twaa maelezo ya gcc ya kwanza, badili orodha ya lugha katika agizo --enable-languages, kisha jenga gcc nyingine yenye nyapara na wasomaji wake.

Liko fumbo jingine. Msomaji wa Ada ameandikwa kwa Ada! Ni kuku na yai. Kwa D fumbo hilo lina ufunguo: hata GCC 11 msomaji wa D aliandikwa kwa C++, na tangu GCC 12, mwaka 2022, ameandikwa kwa D. Basi hujengwa ya 11 kwanza, nayo hujenga ya 12. Kwa Ada, Nix huanza na kompaila iliyokwisha jengwa kwingine.

Hapo pana hatari. Mwaka 1984 Ken Thompson alionyesha kwamba kompaila yaweza kuficha ubaya katika programu, na maandishi yake yasionyeshe lolote. Achukuaye kompaila iliyo tayari amekula chakula asichoona jiko lake. Kwa hiyo mjenzi mwema huandika wazi kila hatua aliyoanzia, ili mwingine aweze kuirudia.

Maswali:
1. Kwa nini f951 hawezi kuongezwa ghalani?
2. Kwa nini GCC 11 hutangulia GCC 12 katika kujenga D?