Asilimia ya Mashine Si Ushahidi
Kijitabu kwa wahadhiri, wanafunzi na wazazi wa Nyeri na miji ya Mlima Kenya

Kuandikiwa kazi hakukuja na ChatGPT mnamo Novemba 2022. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, vijana wa Kenya wenye digrii waliwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Sasa mashine huandika bure kwa dakika chache, na asaimenti inayotiliwa shaka inaweza kumfikia mhadhiri wa chuo kikuu cha Dedan Kimathi, Karatina, Kirinyaga au Embu wiki yoyote.

Kosa ni lipi?

Kuiomba akili unde (AI) ikufafanulie takwimu si udanganyifu, ila mhadhiri akiwa amekataza. Udanganyifu ni kuwasilisha maandishi yake kwa jina lako. Jihadhari pia na marejeo: programu hizi huweza kutunga vitabu visivyokuwapo. Mwaka 2023, mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kutaja kesi zilizobuniwa na ChatGPT.

Mhadhiri, usihukumu kwa asilimia

Programu za kutambua maandishi ya mashine, zinazotoa asilimia hiyo, hukosea, na hukosea zaidi kwa watu kama wanafunzi wetu. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu 7 kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Mwezi Julai mwaka huohuo, OpenAI, waundaji wa ChatGPT, waliondoa chombo chao cha utambuzi kwa sababu ya usahihi mdogo. Kijana wa Mukurwe-ini aliyelelewa kwa Kikuyu, akajifunza Kiingereza darasani, huenda akaandika kwa msamiati mchache na sentensi zilizonyooka. Uandishi huo ndio unaoshukiwa.

Mwite mwanafunzi ofisini. Tafuteni pamoja kila kitabu alichokitaja. Mwombe rasimu zake, au historia ya mabadiliko ikiwa aliandika kwenye Google Docs. Muulize kwa nini alichagua mbinu hii na kuiacha ile. Kigugumizi si hatia. Wengi huogopa ofisi ya mhadhiri. Ila mtu asiyeweza kueleza hata hoja moja ya kazi yake amekupa sababu ya kuendelea na uchunguzi.

Kabla ya adhabu

Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 vinampa mwanafunzi haki ya kuarifiwa tuhuma, kujitetea na kupewa sababu kwa maandishi. Mzazi, dai maandishi hayo kabla ya kumgombeza mtoto.

Asaimenti yenyewe

Swali la jumla hualika jibu la mashine. Mtume mwanafunzi soko la Karatina akaandike bei za viazi kwa wiki 3, kisha aeleze mbele ya wenzake zilivyobadilika. Karatasi ya swali iseme wazi akili unde inaruhusiwa wapi.