Silikoni hujaza, hainyanyui

"Shangazi, nina miaka 29, naishi Buyenzi, Bujumbura, nina watoto wawili. Tangu nimwachishe ziwa wa pili, matiti yamelala, yamebaki kama mifuko mitupu. Shoga yangu alifanyiwa Dubai, anasema ni siku moja tu. Nataka kwenda Dar nikatiwe silikoni. Mume wangu hajui, na bado tunataka mtoto wa tatu. Nitarajie nini?"

Kwanza mwanamke huyu ajue kwamba silikoni hujaza, hainyanyui. Titi lililoshuka kwa sababu ngozi imelegea likitiwa kipandikizi huongezeka ukubwa, na mara nyingi hubaki limeshuka vilevile. Daktari makini atatazama chuchu ilipo. Ikiwa imeshuka chini ya mkunjo wa titi, atamwambia anahitaji kunyanyuliwa, na hiyo ni kazi nyingine, yenye kovu linaloizunguka chuchu na kuteremka hadi chini. Kisha mimba ya tatu inaweza kuyabadilisha yote hayo. Shangazi anamshauri azae kwanza, anyonyeshe, aachishe, ndipo afikirie kisu.

Shoga hakudanganya kuhusu siku moja. Upasuaji wenyewe huchukua saa moja hadi mbili kwa nusu kaputi, na wengi hulala kwao usiku uleule.

Yanayofuata ndiyo hayasimuliwi. Kifua hubana na kuuma, na siku za mwanzo hata kuinua mikono kuvaa gauni ni kazi. Kubeba ndoo ya maji au mtoto mgongoni hukatazwa kwa wiki kadhaa. Chuchu huweza kufa ganzi kwa miezi, na kwa wachache ganzi haiondoki. Mume atafichwaje haya? Amwambie mapema, maana ndiye atakayembeba mtoto na kuchota maji.

Na vipandikizi si vya maisha. Mwili huvizungushia utando, na kwa wengine utando huo hukaza hadi titi likawa gumu na kuuma. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri wenye silikoni wapigwe picha ya ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3. Fedha za vipimo hivyo, na za kubadilisha vipandikizi baadaye, ziwekwe kwenye hesabu pamoja na nauli ya Dar.

Aina ya kipandikizi nayo ina uzito. Mwaka 2010 ilibainika kwamba kampuni ya Kifaransa ya PIP ilijaza vipandikizi silikoni ya viwandani. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa ikawashauri wanawake wapatao 30,000 waviondoe. Mwaka 2019 nchi hiyo ikapiga marufuku baadhi ya vile vyenye uso wa kukwaruza, kwa sababu ya saratani adimu ya limfu.

Akishazaa na bado akitaka, Dar ina Muhimbili Mloganzila, hospitali ya umma iliyoanza upasuaji wa urembo mwaka 2023. Popote atakapokwenda, ahakikishe mpasuaji ni bingwa aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na asikubali kamwe sindano za kukuza matiti. Kabla ya yote matiti yapimwe uvimbe hapa hapa Bujumbura. Na asitoke hospitali bila kadi yenye jina la kiwanda na namba ya kipandikizi. Wanawake wenye vipandikizi vya PIP waliokosa kadi walihangaika kujua wamewekewa nini.