Somo Letu: Kwa Nini Watu Wanane Huvuta Kama Wanne?



Safari hii tunataka kuongea juu ya mchezo wa kuvuta kamba. Wengine watasema, "Sisi tuna mitaro ya kuchimba, habari ya michezo ni ya nini?" Ngojeni kidogo. Kamba inajua siri moja ya vikundi vyetu.

KISA

Kikundi kimoja cha mwethya huko Ukambani, tulichokuwa tukikitembelea, kilikuwa na wanachama 24. Kila Jumanne walichimba fanya juu katika shamba la mmoja wao, kwa zamu. Mwanzoni kazi ilienda vizuri sana. Baadaye wengine wakawa wanafika saa nne jua likiwa kali, wengine wanaegemea jembe na kupiga hadithi. Siku moja mama mmoja mjane, ambaye zamu yake ilikuwa haijafika, alituambia, "Mimi nimechoka kuchimbia watu. Nikianguka, watoto wangu watalishwa na nani?" Jumanne iliyofuata hakuja. Wengine wawili wakamfuata. Na hao watatu ndio waliokuwa wachapa kazi hasa.

Mwenyekiti alisema watu wa siku hizi ni wavivu. Nasi tulikubaliana naye, tukawapa watu hotuba ndefu juu ya umoja. Haikusaidia kitu. Tulikuwa hatujaelewa ugonjwa wenyewe.

KAMBA YA RINGELMANN

Huko Ufaransa, zaidi ya miaka 100 iliyopita, palikuwa na mtaalamu wa mitambo ya kilimo aliyeitwa Max Ringelmann. Alitaka kujua nguvu za watu wakifanya kazi pamoja. Akawapa kamba wavute, akapima. Matokeo yake yalitolewa mwaka 1913.

Tuseme mtu akivuta peke yake anatoa nguvu 100. Wakiwa wawili, kila mmoja alitoa kama 93. Wakiwa watatu, 85. Walipofika wanane, kila mmoja alitoa 49 tu! Yaani watu wanane walivuta kama watu wanne.

Hebu tuelewane. Wanane bado wanamshinda mmoja, na kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini nusu ya nguvu ilipotelea njiani. Ilienda wapi?

SABABU YA KWANZA: KUTOVUTA KWA WAKATI MMOJA

Huyu anavuta, yule anapumua, mwingine anateleza. Dawa ya hii wazee wetu waliijua zamani. Neno letu "harambee" lilikuwa mwito wa wabeba mizigo na wavuta vitu vizito. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na wote wanavuta pamoja. Wimbo wa kazi shambani unafanya vivyo hivyo.

SABABU YA PILI: MOYO KULEGEA

Mwaka 1974 huko Marekani, wataalamu wakiongozwa na Alan Ingham walirudia jambo hili kwa ujanja. Walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamweka mbele ya kamba. Nyuma yake walisimama watu waliojifanya kuvuta, kumbe hawavuti. Kwa hiyo alikuwa anavuta peke yake, lakini alidhani wako wengi. Na bado alipunguza nguvu!

Hapo hakuna kuteleza wala kugongana. Ni moyo tu umesema, "Wenzangu wapo." Tena watu hawa hawakuwa wavivu, kwa maana walipojua wako peke yao walivuta kwa bidii. Mara nyingi mtu hata hajui kwamba amelegea.

Sasa ongeza jambo lingine. Yule mwenye bidii akiona wenzake wamelegea, anaogopa kufanywa mjinga. Naye anapunguza, au anaondoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yule.

DAWA NI NINI?

Mwaka 1989, wataalamu wengine wa Marekani waliwapima waogeleaji wa chuo kikuu katika mashindano ya kupokezana, ambapo kila mmoja anaogelea sehemu yake. Pale ambapo muda wa kila mtu haukutangazwa, waliogelea polepole kuliko wakiwa peke yao. Pale ambapo muda wa kila mmoja ulitangazwa, waliogelea kwa kasi kuliko hata wakiwa peke yao. Kikundi kilekile, maji yaleyale. Tofauti ni kwamba kazi ya kila mtu ilionekana.

Basi tulirudi kwa kile kikundi, na safari hii tulisikiliza badala ya kuhutubu. Wanachama wenyewe waliamua hivi:

1. Mtaro upimwe kwa fimbo, na kila mtu apewe kipande chake.

2. Wafanye kazi wanne wanne, ili hakuna wa kujificha.

3. Jioni karani asome kazi ya kila mmoja mbele ya wote, na watu wapige makofi.

4. Mgonjwa, mzee na mama mjamzito wapewe kazi inayowafaa, kama kupika uji au kutunza watoto. Nayo isomwe pia jioni.

Hilo la nne ni muhimu sana. Kuna anayeegemea jembe kwa sababu hajala tangu jana, au ana malaria na anaona haya kusema. Kumwonyesha mtu kwamba kazi yake inaonekana si kumwaibisha. Kabla ya kumwita mtu mvivu, mwulize kwanza, tena faraghani.

Mama yule alirudi. Mtaro wake ulichimbwa kabla ya mvua za Oktoba, naye alisema maneno machache tu: "Sasa naona tunachimba sote."

ZOEZI LA KIKUNDI

Tafuteni kamba nene. Gawanyikeni pande mbili, sita kwa sita. Msizungushe kamba mkononi wala kiunoni, inaweza kuumiza vibaya.

Mara ya kwanza vuteni kimya. Mara ya pili awepo wa kuita. Mara ya tatu kila mvutaji awe na mtu wa kumtazama na kumtaja kwa jina. Kisha kaeni chini mjadiliane:

– Ni mara gani ulivuta zaidi? Kwa nini?

– Katika kikundi chetu, ni kazi gani haionekani? Nani anaifanya?

– Kuna mwenzetu aliyeacha kuja? Tulimwuliza sababu, au tulimsema tu?

– Jumanne ijayo tutabadilisha jambo gani moja?

Umoja ni nguvu, kweli. Lakini nguvu hiyo hutoka katika mkono wa kila mmoja wetu, na kila mkono unapenda kujulikana kwamba ulikuwepo.