Kompyuta Ikizima Ghafla: Uliza Kwanza Kimebadilishwa Nini

Siku hizi rejesta ya kikundi haikai kwenye daftari peke yake. Kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo hapa Nyarugusu kimeweka majina ya wanachama, hisa zao na mgao wa kila mmoja ndani ya laptopu moja. Siku moja laptopu hiyo ilianza kugoma. Inawaka, inafika katikati, kioo kinakuwa cha buluu chenye maandishi meupe, kisha inajizima na kujiwasha upya.

Fundi akasema, "Hii ipigwe Windows mpya." Kupiga Windows mpya mara nyingi ni kufuta vyote vilivyomo. Na nakala ya rejesta haikuwepo popote! Mhazini akakataa, akatuita.

Tulimwuliza, "Mama, kabla haijaanza kugoma, mlibadilisha nini?"

"Hakuna kitu. Ila mjukuu wangu aliweka kitu ili ishike intaneti."

Hilo "ila" ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Kijana alikuwa ameweka draiva iliyotoka kwenye kompyuta ya aina nyingine.

Draiva ni nini? Siyo dereva wa gari. Ni programu ndogo inayofanya kazi ya ukalimani. Fikiri bibi anayejua Kisukuma tu amefika zahanati, na mganga hajui Kisukuma. Lazima akae mkalimani katikati. Windows ni mganga. Printa, spika au kifaa cha kunasa intaneti ni bibi. Draiva ndiyo mkalimani. Akitafsiri vibaya, bibi atapewa dawa isiyo yake. Windows ikiona draiva imegusa mahali pasipo pake, husimamisha kazi yote isije ikaharibu zaidi. Kwa hiyo kioo cha buluu ni kama breki. Katika baadhi ya Windows, tangu mwaka 2025, kioo hicho ni cheusi.

Hata wakubwa yamewakuta. Ijumaa tarehe 19 Julai 2024, CrowdStrike, kampuni ya Marekani inayouza programu za kulinda kompyuta, ilituma faili lenye kasoro. Programu yake ina sehemu inayofanya kazi kama draiva ndani ya Windows. Faili lilitumwa saa 1:09 asubuhi kwa saa zetu, likasahihishwa saa 2:27. Kwa dakika hizo 78 tu, kompyuta kiasi cha milioni 8 na nusu zilianguka, kwa makadirio ya Microsoft. Maelfu ya safari za ndege zilifutwa. Lakini dawa ya nyingi ya kompyuta hizo haikuwa kufuta kila kitu. Ilikuwa kuziwasha katika hali salama na kuondoa faili lile moja.

Hali salama ni nini basi? Ni kuwasha kompyuta ikiwa na draiva chache tu za lazima. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, yenyewe huleta ukurasa wa matengenezo, na humo ndimo hali salama inapochaguliwa. Laptopu ya mama ilitulia kimya katika hali hiyo. Basi tukajua kwamba mbovu ni kitu kilichoongezwa.

Kabla ya kugusa lolote tulinakili rejesta kwenye flashi. Mara mbili, flashi mbili. Halafu tukafungua panapoandikwa Device Manager, tukachagua kifaa cha intaneti, tukarudisha draiva ya awali. Ikawaka vizuri.

Draiva ya zamani mno nayo hugombana na Windows mpya. Hapo tafuta mpya kwa mtengenezaji wa mashine yenyewe, kwa namba iliyoandikwa chini yake. Zile programu za bure zinazojigamba kusahihisha draiva zote kwa mara moja, sisi hatuziamini.

Ikigoma hata katika hali salama, huenda ni joto, au chipu ya kumbukumbu, au vumbi. Na vumbi la makarasha hapa kwetu tunalijua! Nakili maandishi ya kwenye kioo kwenye karatasi, hata kama huyaelewi, umpelekee fundi.

Maswali ya kujadili: Rejesta ya kikundi chenu ina nakala ngapi, na nani anazitunza? Kompyuta yenu ikizima leo, nani anakumbuka kitu cha mwisho kilichowekwa ndani yake?