"Watu wa" Wapi? Jina la Chama cha ZPPP na Suala la Mwenyeji na Mgeni Zanzibar, 1959–1964

1.0 Utangulizi

Majina ya vyama vya siasa huchukuliwa mara nyingi kuwa vitambulisho tu. Makala hii inachunguza jina moja, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP), yaani Chama cha Watu wa Unguja na Pemba, kilichoundwa mwishoni mwa 1959. Hoja inayotetewa ni kwamba jina hilo lenyewe lilikuwa tamko la kisiasa: lilidokeza nani ahesabiwe mtu wa visiwa na nani abaki mgeni. Ili kuipima hoja hiyo, makala inaangalia pia bonde la Lukuledi na uwanda wa juu wa Makonde, yaani Masasi na Newala, ambako baadhi ya hao walioitwa wageni walikuwa na asili yao.

2.0 Majina Matatu, Misingi Mitatu

Vyama vitatu vilishindania Zanzibar kabla ya uhuru. Afro-Shirazi Party (ASP), kilichoundwa 1957 chini ya Abeid Amani Karume, kilijitambulisha kwa nasaba: Waafrika wenye asili ya bara na Washirazi. Zanzibar Nationalist Party (ZNP) kilijulikana kwa neno la Kiarabu Hizbu, na msingi wake ulikuwa uzalendo na uraia chini ya Sultani. ZPPP kilichagua msingi wa tatu, yaani ardhi. Waasisi wake, Muhammad Shamte Hamadi, Ali Sharif Mussa na Ameri Tajo, walikuwa viongozi wa Kishirazi waliojitenga na ASP.

Kuitaja Pemba peke yake katika jina kuna uzito. Kwa kawaida jina Zanzibar hujumuisha visiwa vyote viwili. Hapa linarejea Unguja tu, na Pemba inawekwa kando yake kama mwenzi aliye sawa. Hali ya uchumi iliipa dai hilo nguvu. Pemba, Washirazi wengi walimiliki mikarafuu na walikuwa wameoleana na Waarabu. Unguja, watu wa bara walikuwa wengi zaidi mjini na mashambani, na mgawanyiko wa mwenye shamba na mtumishi ulikuwa mkali zaidi.

3.0 Utata wa -a Unganifu

Katika Kiswahili, fungu "watu wa Unguja" lina maana zaidi ya moja. -a unganifu inaweza kuonyesha makazi, mahali pa kuzaliwa, au asili ya wazee. Kibarua aliyezaliwa mashambani Unguja angeweza kuitwa "mtu wa bara" hata kama hakuwahi kuvuka bahari, kwa kuwa babu yake alitoka huko. Kwa maana ya kwanza na ya pili yeye ni mtu wa Unguja. Kwa maana ya tatu si mtu wa Unguja.

Utata huu haukuwa wa kisarufi tu. Katika uchaguzi wa 1957 mpiga kura alipaswa kuwa raia wa Sultani. Kwa hiyo swali la nani ni "mtu wa" visiwa lilikuwa pia swali la nani apige kura.

4.0 Njia ya Lukuledi

Historia ya Masasi inaonyesha ugumu wa kuuchora mpaka huo. Katika karne ya 19 misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa ilipita bonde la Lukuledi kuelekea Lindi, na watumwa walisafirishwa kwa njia za kusini hadi visiwani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa vitabu vyake vya lugha, aliongoza kundi la watumwa walioachiwa huru kutoka Unguja hadi Masasi, wakaanzisha makazi huko. Baadaye vibarua wa Kimakonde, wa upande huu wa Mto Ruvuma na wa ng'ambo yake, walikwenda Zanzibar kutafuta kazi.

Ni dhahiri kwamba watu walisafiri kwa pande zote mbili. Waliofika Masasi na Steere waliacha Unguja nyuma yao, na waliofika Unguja kutoka kusini walizaa watoto huko. Jina la chama lililotaja visiwa pekee halikuwa na nafasi ya wazi kwa watoto hao.

5.0 Uzito wa Chama Kidogo

Katika uchaguzi wa Januari 1961 ASP kilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3, vyote vitatu kutoka Pemba. Wabunge hao watatu waligawanyika: Ali Sharif alirudi upande wa ASP, na wawili waliobaki wakaungana na ZNP. Kila upande ukawa na viti 11. Uchaguzi ulirudiwa Juni 1961, ukaandamana na ghasia zilizoua watu 68, na Shamte akawa Waziri Kiongozi wa serikali ya mseto wa ZNP na ZPPP.

Mwezi Julai 1963 ASP kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31. ZNP kilipata 12, na ZPPP, kwa takriban asilimia 16 ya kura, kilipata 6. Shamte aliiongoza Zanzibar kuingia katika uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa serikali hiyo, na ZPPP kikatoweka. Miongoni mwa viongozi wa mapinduzi alikuwemo John Okello, mzaliwa wa Uganda.

6.0 Hitimisho

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 ilidai chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, ikiwemo ya Unguja na Pemba. Chama cha visiwa pekee hakiwezi tena kusajiliwa. Hata hivyo, mwaka 1995 CUF, chama cha kitaifa kwa mujibu wa sheria, kilitwaa viti vyote 21 vya Pemba. Mwaka huohuo Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Masasi, alichaguliwa kuwa Rais wa Muungano. Wakati wake ndipo waandamanaji walipouawa Pemba Januari 2001, na ndipo Muafaka wa CCM na CUF ulipotiwa saini Oktoba mwaka huo.

Sheria iliweza kuzuia jina, lakini haikufuta swali lililokuwa ndani yake. Uchambuzi wa siasa za visiwa unapaswa kuendelea kuuliza, kila fungu "watu wa" linapotumika, ni maana ipi ya -a inayokusudiwa, na ni nani anayeachwa nje.